Namna ya kutoa taarifa ya msiba kwenye kundi la WhatsApp bila kuwaumiza wafiwa: mwongozo kamili

Kosa ni lilelile. Mtoto wa marehemu yuko Dar es Salaam, kazini au ndani ya daladala, anafungua simu na kukuta binamu yake ameweka picha ya baba yake kwenye stetasi na maneno "Pumzika kwa amani mzee wetu". Hakuna aliyempigia. Amejua kabla ya kuambiwa.

Kwenye kamati za mazishi hapa Moshi, kuanzia Pasua na Majengo hadi huko juu Kibosho, Uru na Marangu, nimeona jambo hili likitokea kwenye familia za watu wema kabisa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu hudhani heshima ni kuwahi kutangaza. Mimi nashikilia kwamba habari ya kifo ni ya wafiwa kwanza. Sisi wengine tumepewa kuibeba, na tunaibeba kwa mpangilio wanaoutaka wao. Kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Mwongozo huu ni wa yule anayekabidhiwa simu siku ya msiba: katibu wa ukoo, kijana wa nyumbani, jirani, au mwenzake marehemu kazini.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu. Usitegemee orodha ya kwenye simu, kwa sababu simu hiyohiyo itakuwa inaita muda wote.
- Dakika za kupiga. Bando la intaneti peke yake halitoshi. Wengi utawapigia kwa sauti, na vijijini mtandao wa intaneti hupotea.
- Simu yenye chaji, na nyingine ya akiba.
- Mtu wa pili, mtulivu, atakayesoma kila ujumbe kabla haujatumwa.
- Jina la msemaji mmoja wa familia (tutamtafuta katika hatua ya 2).
- Namba ya michango pamoja na jina lililosajiliwa nayo, kama michango itakuwepo.
- Muda. Kwa msiba wa kawaida tenga saa mbili au tatu kati ya kifo kuthibitishwa na tangazo la kundi. Muda huo ndio watu hukosa subira.

## Hatua ya 1: Hakikisha kifo chenyewe

Mtu "amezidiwa" wodini asubuhi, mgeni mmoja akatoka akilia, na ikifika saa sita mchana kundi limejaa "poleni sana". Mgonjwa bado anapumua. Familia inaanza kupokea rambirambi za mtu aliye hai, na mke wake, aliyekwenda nyumbani kuoga, anakimbizwa hospitali akiamini amekwisha kuwa mjane.

Uliza maswali matatu, kwa sauti, siyo kwa ujumbe:

1. Nani amekuambia?
2. Yeye mwenyewe alikuwepo, au naye aliambiwa?
3. Hospitali imeshazungumza na ndugu wa karibu?

Ukipata jibu "nimesikia", bado hujapata jibu. Endelea kupiga mpaka umpate anayesema "mimi nilikuwepo" au "daktari ameniita mimi". Kama ni hospitali kubwa kama KCMC au Mawenzi, usimpigie muuguzi unayemfahamu akuchungulie faili. Unamweka kwenye hatari ya kazi yake, na siri ya mgonjwa haijafunguliwa kwako kwa sababu mmesali jumuiya moja.

Ajali zinahitaji uangalifu zaidi. Picha za gari lililopinduka kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha hufika kwenye makundi kabla ya polisi hawajamaliza kupima, na namba ya gari inasomeka. Mwenye gari huenda siye aliyekuwa anaendesha. Ujumbe ukija na mishale miwili juu yake, WhatsApp inakuambia umepita mikononi mwa watu wengi. Aliyeuandika mwanzo huenda hamjui kabisa mtu mnayemlilia.

Tahadhari: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma au kumchafua mtu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyekosea kwa haraka hayuko mahali pamoja na mwenye nia hiyo, lakini ukishatiliwa shaka na ukaendelea kusambaza, utapata shida kueleza nia yako.

Umefanikiwa kama: una jina la mtu mmoja aliyeshuhudia au kuambiwa rasmi, na umelisikia kwa sauti yake.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa, mpate msemaji

Ruhusa inatoka kwa mjane au mgane, au kwa watoto wakubwa, au kwa wazazi kama marehemu alikuwa kijana. Kwetu mara nyingi baba mkubwa au baba mdogo ndiye anayeshika usukani wa msiba, na hilo lina faida zake, maana mfiwa hana nguvu ya kupokea simu hamsini. Hata hivyo kushika usukani si sawa na kuwa mwenye habari. Nimeona tangazo limeandikwa vizuri, limetumwa makundi sita, na mjane hajui limesema nini.

Mwendee. Kaa chini, usisimame juu yake. Sema maneno machache: "Mama, pole sana. Tunataka kuwaambia ndugu. Yupo mtu ungependa aambiwe kwanza? Kuna jambo usingependa tulitaje?" Akitikisa kichwa tu, hiyo ni ruhusa ya kuanza kuwapigia wa karibu. Tangazo la kundi mrudie baadaye.

Msemaji achaguliwe kwa utulivu wake. Mwenye pesa nyingi au anayeishi mjini si lazima awe yeye. Kama kuna nyumba mbili, au ndoa ilishavunjika na watoto wapo, tafuta mtu mmoja anayesikilizwa pande zote mbili, kwa kawaida shangazi au mjomba. Msiba wenye wasemaji wawili hutoa tarehe mbili za mazishi.

Umefanikiwa kama: familia inaweza kusema kwa kinywa kimoja, "Maswali yote aulizwe fulani."

## Hatua ya 3: Andika orodha ya watakaoambiwa kwa sauti

Usianze kupiga kabla hujaandika. Ukianza kupiga ukiwa na orodha kichwani, utampigia uliyemzoea na kumsahau asiye na sauti.

Mduara wa kwanza unajulikana: mwenzi, watoto, wazazi, ndugu wa tumbo moja. Andika majina yao, mahali walipo, na nani atampigia nani. Kisha jiulize juu ya hawa wanaosahaulika karibu kila mara:

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Marehemu ni baba yake. Haki yake ya kuambiwa haitegemei kama nyumba inamkubali au haimkubali. Mambo ya urithi na ya nafasi ya kukaa msibani yatazungumzwa na wazee siku nyingine.

Mtalaka mwenye watoto na marehemu. Yeye ndiye atakayekuwa na watoto hao usiku wa leo, na lazima ajue ili awashike.

Mtoto aliye shule ya bweni. Usimpigie matroni na kumwachia kazi hiyo. Ongea na mkuu wa shule, mpange ndugu amfuate, na aambiwe na mtu wa nyumbani. Kama ni Novemba na yuko katikati ya mtihani wa kidato cha nne, uamuzi wa lini aambiwe ni wa mzazi aliyebaki, siyo wa kamati, na wanafunzi wenzake wasijue kabla yake.

Dada wa kazi aliyemuuguza bibi miaka yote, akamlisha na kumgeuza kitandani. Mara nyingi yeye ndiye anayeambiwa achemshe maji ya chai ya wageni bila mtu kumwambia pole. Mweke kwenye orodha.

Mama mzazi mzee aliyeko kijijini. Huyu hapigiwi simu kabisa. Tuma watu wawili, ndugu mmoja na mtu anayemwamini, awe jirani, katekista, mwinjilisti au imamu. Kama ana presha au sukari, jueni dawa zake zinakaa wapi kabla hamjafungua mdomo. Na simu ya mjukuu anayeishi naye ihakikishwe haiko mezani ikiita.

Kwa msiba wa Kiislamu ambapo maziko yanaweza kuwa leoleo alasiri, saa tatu hazipo. Gaweni orodha kwa watu wanne au watano na mpige kwa wakati mmoja. Mpangilio haubadiliki, mikono ndiyo inayoongezeka.

Umefanikiwa kama: kila jina lina mtu wa kulifikia, na mfiwa ameiona orodha au amesomewa.

## Hatua ya 4: Piga simu

Hapa ndipo pana uzito wote wa mwongozo huu. Ukikosea hatua nyingine utasamehewa haraka. Namna mtu alivyoambiwa kifo cha mzazi wake ataikumbuka maisha yake yote, maneno kwa maneno.

Jua alipo kabla ya kusema. Swali la kwanza ni "Upo wapi saa hizi?" na la pili "Upo na nani?" Akiwa anaendesha, mwombe aegeshe na akupigie. Akiwa juu ya bodaboda, subiri afike. Kwa aliyeko Marekani hesabu masaa: saa 3 asubuhi ya Moshi ni saa 7 au saa 8 ya usiku New York, kutegemea msimu. Usiogope kumwamsha kama ni mtoto wa marehemu. Atapenda kuamshwa kuliko kuamka na kukuta ujumbe mia.

Sema neno lenyewe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, baba mdogo akimpigia binti wa kaka yake:

— Shikamoo baba mdogo.
— Marahaba mwanangu. Upo wapi saa hizi?
— Nipo ofisini, baba. Kwema huko?
— Upo na mtu hapo karibu? Tafuta mahali ukae kidogo.
— Nimekaa. Kuna nini?
— Mwanangu, baba ametutoka. Amefariki leo alfajiri. Nilikuwa naye. Mama yupo nyumbani, shangazi yako yuko naye.

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya na "ni mapenzi ya Mungu" wakati hajapumua. Usikate simu wewe. Akilia, mwache alie na ukae hapohapo kwenye laini. Akiuliza, jibu unachokijua. Mwisho mwombe ampe simu mwenzake aliye karibu, umwambie asimwache peke yake.

"Ametutoka" linaeleweka, lakini lifuate na "amefariki". Mtu aliyeshtuka huweza kushika neno la kuzungukazunguka na kubaki na matumaini yasiyopo.

Usimdanganye. Najua desturi yetu. Tunamwambia, "Mgonjwa hali yake si nzuri, njoo haraka," na mgonjwa yuko mochwari tangu usiku. Tunafanya hivyo kwa huruma, tukitaka afike salama, na wapo wazee wangu ninaowaheshimu wanaoitetea desturi hii. Bado naikataa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya siku hizi. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Mtu yuko kwenye basi kutwa nzima na simu mkononi. Akifika Korogwe atakuwa amekwisha kuona rambirambi, ataanguka katikati ya abiria wasiomjua, na wewe uliyemwambia mgonjwa yupo hutakuwa karibu.

Ya pili ni ya siku zote. Alikuwa anaomba njia nzima mgonjwa apone. Akijua baadaye kwamba kila mtu alifahamu isipokuwa yeye, atakuwa na machungu ya msiba na machungu ya kudanganywa, na la pili ataliweka juu yako.

Lakini kunyamaza kwa muda kunaruhusiwa, na kunyamaza si kudanganya. Kama hali haimruhusu kuambiwa hapo alipo, sema kweli isiyokamilika na uiite hivyo: "Kuna jambo zito la nyumbani. Sitakueleza kwenye simu ukiwa peke yako. Shemeji yako anakuja hapo kukuchukua, mtaongea." Akikuuliza moja kwa moja, "Baba amefariki?", umefika mwisho wa kunyamaza. Jibu ndiyo.

Mwombe atunze habari. "Tafadhali usiandike popote mpaka nikuambie, bado hatujampata kaka yako." Watu hulitii ombi hili likiwa na sababu na jina ndani yake. Ombi tupu la "isisambae" halimzuii mtu.

Kwenye daftari, weka alama mbele ya kila aliyeambiwa, na saa aliyoambiwa. Asiyepatikana atafutwe kupitia jirani, mwajiri au mpangaji mwenzake. Ujumbe wa maandishi kwa asiyepatikana useme tu "Nipigie, ni muhimu."

Umefanikiwa kama: mduara wa kwanza wote una alama, na hakuna aliyeachwa peke yake baada ya simu.

## Hatua ya 5: Andika ujumbe wa kundi

Andika kwenye daftari kwanza, ndipo uhamishie kwenye simu. Mfano unaofaa:

> Shikamooni wazee wetu, habari zenu ndugu.
> Familia ya (jina la ukoo) ya (kijiji au mtaa) inawatangazia kifo cha (jina kamili), kilichotokea (siku na tarehe).
> Msiba upo (mahali panapotambulika, kwa mfano karibu na kanisa, shule au soko).
> Utaratibu wa mazishi unapangwa. Taarifa inayofuata itatolewa hapa (siku na saa).
> Maswali yote: (jina la msemaji na uhusiano wake), simu (namba).
> Familia inaomba picha na taarifa hii zisiwekwe kwenye mitandao mpaka itakapotangaza.

Ni mfupi kwa makusudi. Haya hayamo, na sababu zake ni hizi.

*Chanzo cha kifo.* Hakimo kabisa, mpaka familia iamue. Hata maneno yanayoonekana ya kawaida husema zaidi ya ulivyokusudia: "baada ya kuugua kwa muda mrefu" huwafanya watu waanze kukisia ugonjwa, na "ghafla" huwafanya wakisie kujiua au kulogwa. "Amefariki" inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Wanaoishi wanaguswa pia: ugonjwa wa marehemu mara nyingi husomwa kama ugonjwa wa mwenzi wake na watoto wake.

*Idadi ya watoto.* "Ameacha mjane na watoto wanne." Wa tano anasoma ujumbe huohuo. Acha wazee wakae, wakubaliane, ndipo wasifu uandikwe.

*Picha ya kitandani.* Mtu mwenye mipira ya puani, aliyekonda, asiyeweza kusema "usinipige picha". Iwekwe picha aliyoipenda akiwa mzima, iliyochaguliwa na watoto wake, au isiwekwe kabisa. Picha ya mwili hairuhusiwi kwa hali yoyote, hata ukiwa umeombwa na ndugu aliye mbali. Huyo aonyeshwe kwa simu ya video na mtu wa familia, kama familia imekubali.

*Namba ya michango.* Siyo kwenye ujumbe wa kwanza. Tangazo la kifo likiwa na namba ya pesa mstari wa tatu, mfiwa atajiona ameombewa fedha kabla hajapewa pole.

Sasa msomee yule mtu wa pili kwa sauti. Msikilize anakwama wapi. Kisha rudi kwa mfiwa au msemaji: "Mama, tumeandika hivi." Msomee polepole. Akibadilisha neno, badilisha, hata kama lako lilikuwa zuri zaidi.

Umefanikiwa kama: kila aliyetajwa au kuachwa kwenye ujumbe anaweza kuusoma bila kudhalilika.

## Hatua ya 6: Tuma kwa zamu

Kundi la watoto na ndugu wa karibu, kisha la ukoo, ndipo jumuiya, mtaa, kazini, na waliosoma pamoja. Acha nafasi ya dakika kadhaa kati ya kundi na kundi, kwa sababu aliyesahaulika kwenye orodha hujitokeza hapo, na bado unaweza kumpigia kabla habari haijafika kwa majirani zake.

Kabla ya kutuma kwenye kundi kubwa, weka mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika. Tangazo lisomwe kwanza. Pole zifuate ukishalifungua. Vinginevyo baada ya saa moja mtu mpya atakuta emoji mia mbili na hatajua aliyefariki ni nani.

Ukikosea herufi au tarehe, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa muda wa siku mbili na zaidi kidogo. Lakini kufuta hakuondoi skrinshoti. Kosa la jina, mahali au siku ya mazishi litangazwe waziwazi kwenye makundi yaleyale: "Masahihisho: mazishi ni Jumamosi, siyo Ijumaa." Kuna watu wanakata tiketi kwa maneno yako.

## Hatua ya 7: Michango, bila kumuaibisha mtu

Siku ya pili, kamati ikishakaa, tuma ujumbe wa michango peke yake, ukieleza bajeti na mweka hazina.

Namba iandikwe pamoja na jina lililosajiliwa, na watu waombwe kusubiri jina hilo litokee kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Msemaji arekodi pia ujumbe wa sauti akiitaja namba hiyo, kwa sababu matapeli huingia kwenye makundi ya misiba na kubandika namba yao na maneno "ile namba ina hitilafu, tumeni huku". Namba ikibadilika kweli, ibadilishwe kwa sauti inayofahamika. Ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Sasa ile orodha. Unaijua: jina, kiasi, jina, kiasi, inanakiliwa na kubandikwa upya kila mtu anapotoa. Juu kabisa laki tano, chini kabisa elfu tano, na wengine mbele ya majina yao pana kistari. Wanaoitetea wanasema inaleta uwazi na inahamasisha. Inahamasisha, ndiyo. Mama anayeuza ndizi Kiboriloni, ambaye amekaa na mfiwa usiku mzima akimpangusa, anakwenda kukopa kikoba ili kistari chake kiondoke. Nani atamlipia riba?

Uwazi unapatikana bila hilo. Fanya hivi:

- Kila anayetoa apokee shukrani yake faraghani, ikitaja kiasi. Hiyo ndiyo risiti yake.
- Kwenye kundi, jioni, toa jumla iliyopatikana, jumla iliyotumika na kilichobaki. Majina ya waliotoa yanaweza kutajwa kwa shukrani, bila viwango, na bila majina ya ambao hawajatoa.
- Waliotoa mchele, kuni, maziwa, gari au nguvu zao watajwe kwenye ujumbe uleule na waliotoa pesa.
- Daftari kamili libaki kwa mweka hazina, na mfiwa au mtu yeyote wa kamati aweze kulifungua siku yoyote.

Familia nyingine zinahitaji viwango kwa sababu watakuja kurudisha mkono msiba ukitokea kwa mwenzao. Daftari linaijibu haja hiyo vizuri kuliko kundi.

Umefanikiwa kama: aliyetoa elfu mbili anakuja msibani akiwa na uso uleule wa aliyetoa laki mbili.

## Hatua ya 8: Maswali, picha na matangazo ya moja kwa moja

Swali "Alikuwa anaumwa nini?" litakuja, na wengi wanaouliza wana nia njema. Jibu la msemaji liwe moja: "Asante kwa kujali. Familia haijazungumzia hilo, tumshike mkono mfiwa kwanza." Usiseme "sijui" kama unajua. Akiendelea kuuliza ndani ya kundi, mfuate faraghani. Usimkaripie mbele ya watu siku ya msiba.

Mpiga picha aelezwe mapema nini kisipigwe: jeneza likiwa wazi, mjane akianguka, watoto wadogo wakilia. Matangazo ya moja kwa moja kwa ndugu walio nje ni jambo jema kabisa, ila kiungo kipelekwe kwa hao ndugu na kisiwekwe hadharani, na kamera ikae mbali na kaburi wakati wa kushusha mwili kama familia imeomba hivyo.

## Hatua ya 9: Baada ya maziko

Ndani ya wiki moja, toa mahesabu ya mwisho pamoja na shukrani za familia. Kilichobaki akabidhiwe mfiwa mbele ya mashahidi wawili wa kamati.

Futa kwenye simu yako nakala za vitambulisho, vibali vya hospitali na vya mazishi ulizotumiwa wakati wa shughuli, baada ya kuhakikisha familia inazo za kwake, maana watazihitaji kwa cheti cha kifo RITA, benki na mifuko ya pensheni.

Kundi la michango lisigeuzwe kuwa la ukoo, la siasa au la biashara. Kuna watu waliingizwa humo kwa ajili ya marehemu tu, na namba zao zimeonekana na wasiowafahamu. Mwombe mfiwa achague kama anataka nakala ya salamu za pole. Kama anataka, mhamishie mazungumzo kwenye simu yake au mchapishie kwenye karatasi, kisha tangaza siku ya kufunga, ondoa wanakundi, na ulifute.

Daftari la orodha ya simu na la michango mpelekee mfiwa mwenyewe, mkononi. Kabla ya arobaini ya msiba mpigie tena, ukiwa na dakika za kutosha, umuulize anaendeleaje na kama kuna mtu yeyote aliyepaswa kuambiwa ambaye hadi leo hajaambiwa.